Swali la Kumi na Tano

Byabato wa Kamachumu alikuwa na sifa mbili ambazo majirani walipenda kuzitaja: alijua kusema, na hakujua kuuliza. Ya kwanza ilimpa kazi. Kwa zaidi ya miaka ishirini, ukoo ukitaka kupeleka posa, ukweni kuwe Muleba au Bukoba Vijijini, yeye ndiye aliyetangulizwa. Alivaa koti lake la kijivu, akaketi mbele, akasema mpaka wakwe wakalainika. Ya pili yeye mwenyewe aliiita heshima. Mtu mzima hujibu, alisema. Kuuliza ni kazi ya watoto na mahakimu. Wala hakuwa akitania.

Kwa hiyo taya lake la kushoto lilipoanza kuvimba mwezi wa Agosti, hakumwuliza mtu. Alifuga ndevu. Zilimwotea nyeupe upande mmoja na za kijivu upande wa pili, mkewe Penina akataka kujua kama ameitwa uchungaji uzeeni. Byabato alicheka kwa upande wa kulia. Upande wa kushoto haukumuuma sana, ulikuwa mzito tu, lakini kila asubuhi alipoupapasa mbele ya kioo aliona umeongezeka kidogo, na kila asubuhi alijiambia kwamba ni kioo.

Aliyemgundua ni binti yake Georgina, mwalimu wa darasa la kwanza, mtu ambaye kwa kazi yake hafichwi kitu mdomoni. Jumapili moja baada ya ibada alimwona baba yake akitafuna ndizi kwa upande mmoja. Akainuka, akamshika kidevu kama anavyowashika wanafunzi waliomeza kifutio, akabonyeza juu ya ndevu. Wote wawili walikuwa wakimfikiria Mwijage.

Mwijage alikuwa mdogo wake Byabato, wa kufuatana naye. Miaka tisa iliyopita alivimba pale pale, akajifunga skafu kutoka Krismasi hadi Pasaka akisema jino linamsumbua. Walipompeleka hospitali, daktari aliuliza kwa nini wamechelewa. Alikufa kabla ya mavuno ya kahawa na kuacha mtoto mmoja, Avit, ambaye Byabato alimchukua akamlea kama wake. Watu walimsifu kwa hilo. Hawakujua kinachomchoma. Miezi ile yote walikuwa wakiketi pamoja jioni, ndugu wawili, na Byabato aliiona ile skafu kila siku, asimwulize mdogo wake hata mara moja ina nini ndani. Alidhani anamheshimu.

"Tata," Georgina alisema, "kesho tunakwenda Bukoba."

Walikwenda.

Kwenye benchi la kliniki ya kinywa Byabato alikaa wima, kofia gotini, akasikiliza watu wakimwuliza maswali muuguzi aliyekuwa akipita na mafaili. Muuguzi huyo aliitwa Siti, mzaliwa wa mjini hapo hapo, mwanamke wa makamo mwenye ushungi mweupe na subira ya ajabu. Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza kama sindano ya ganzi inauma kuliko jino lenyewe. Mama mmoja alitaka kujua kama baada ya kung'olewa magego ya mwisho ataruhusiwa kula senene, wale panzi wa kukaanga, maana msimu ndio huo unaingia na mwaka jana hakuwapata. Siti alimwambia senene wana miguu na miiba, wiki mbili asiwaguse. Mama akauliza je, wakitolewa miguu? Siti akasema hata wakitolewa miguu. Mwingine akauliza atapiga mswaki vipi, mwingine pombe ataanza lini, mwingine kama atalala akiwa amefungua mdomo. Byabato aliwaona wote kama watoto. Ila la senene alilishika, kwa kuwa alikuwa akiwapenda.

Daktari Awadhi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliiweka picha ya taya kwenye taa, akaonyesha doa jeusi ndani ya mfupa. Alisema kinaonekana ni kifuko cha maji kilichoota chini ya magego mawili, kinakua polepole na kuula mfupa kwa ndani. Atakitoa pamoja na hayo magego, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kipande kitapelekwa Mwanza kupimwa ili wawe na hakika ni kifuko tu. Kisha akamgeukia Byabato.

"Mzee, una swali?"

"Sina," alisema Byabato.

Alikuwa nalo moja: je, ni ugonjwa ule ule wa Mwijage? Lakini mdomo uliokuwa umelainisha wakwe wa wilaya mbili haukulitoa.

Georgina alikuwa nayo kumi na manne. Alikuwa ameyaandika usiku kwenye karatasi ya daftari la mistari, kwa mwandiko ule wa ubaoni, na aliyasoma moja baada ya jingine huku baba yake akiangalia dirisha kwa aibu. Upasuaji utachukua muda gani? Ataamka akiwa na maumivu? Damu itatoka mpaka lini? Uvimbe utazidi siku ya ngapi? Nyuzi zitatolewa au zitayeyuka? Atasukutua na nini? Atakula nini? Ataongea lini? Daktari Awadhi alijibu, na Siti akakazia. Ang'ate kitambaa safi nusu saa, asikichungulie kila dakika. Siku ya kwanza barafu shavuni, asisukutue. Kesho yake maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu, asiteme kwa nguvu. Siku ya tatu uso utavimba kupita siku zote, wasishtuke. Asivute kinywaji kwa mrija, kwa maana kule kunyonya huing'oa damu iliyoganda ambayo ndiyo kifuniko cha kidonda. Mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa wiki kadhaa. Chakula kiwe laini: uji, supu ya samaki isiyo na miiba, ndizi za kuponda. Chakula kigumu asiguse kwa wiki sita, kwa sababu mfupa uliobaki chini ya shimo ni mwembamba, na akikosea utavunjika.

Georgina aliandika majibu yote. Akauliza pia, kwa sauti ya chini, swali ambalo halikuwamo kwenye karatasi, lile la baba yake mdogo. Daktari akasema hawezi kuapa kabla ya majibu ya Mwanza, lakini kwa anachokiona, hapana. Byabato alijifanya hakusikia. Lakini alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Upasuaji ulikwenda salama. Alirudi Kamachumu siku ya tatu akiwa na uso mkubwa na heshima mpya kwa uji. Ndevu zilikuwa zimenyolewa zote. Alikuwa mgonjwa mwenye utii kiasi cha kumshangaza Penina: alisukutua kwa saa, alilalia mito miwili, mrija hakuutaka hata kuuona, na jirani alipomletea omuseke, mrija wa unyasi, na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, ili akate kiu kidogo kidogo, alikisukuma kibuyu na unyasi wake kwa mkono. Wala juma lile senene walipoangukia taa za barabarani na kijiji kizima kikanukia kukaanga, hakuonja hata mmoja. Aliketi barazani akiwatazama wajukuu wakitafuna, akajihesabu shujaa.

Na kila mgeni aliyekuja kumpa pole, alitafuna naye kahawa.

Asiyeijua Kagera aelezwe. Buni zetu huchemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa na maganda yake mpaka zikawa ngumu, na hizo ndizo tunazoziita akamwani. Mgeni akiketi, kikapu kidogo hupitishwa. Mwenyeji anachukua chache, anatafuna wa kwanza ili ionekane hazina kitu kibaya, kisha mgeni anafuata. Si kifungua kinywa wala si kitafunwa. Hakuna mtu Kamachumu ambaye ukimwuliza leo umekula nini atakutajia akamwani. Byabato aliambiwa asile chakula kigumu, na chakula kigumu hakula. Georgina, mwenye maswali kumi na manne, alimwona akitafuna kahawa na wageni siku tatu mfululizo, upande wa kulia, kwa adabu zote, na haikumjia hata yeye kwamba alichokuwa akikitazama ni kutafuna.

Siku ya saba usiku haukupita. Maumivu yalianzia shimoni, yakapanda sikioni, yakashuka shingoni, na asubuhi mdomo ulikuwa na ladha ya chuma na harufu ambayo Penina, kwa upendo, hakuitaja. Hofu ilimrudia Byabato yote. Ndani ya gari, kutoka Kemondo hadi mjini, alishika shavu na kumfikiria mdogo wake.

Siti alimketisha kwenye kiti, akamwagia shimo maji ya dawa kwa bomba la sindano, mara tatu, mara nne. Kisha akachukua koleo ndogo, akainama, akavuta kitu na kukiweka juu ya kipande cha pamba. Kilikuwa ganda jeusi, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Alilitazama. Alimtazama mzee. Akalipeleka karibu na pua yake mwenyewe.

"Mzee wangu," alisema, "hii si kahawa?"

Byabato, kwa heshima kabisa, alisema ndiyo, lakini aliambiwa chakula.

Siti aliketi kwenye kigoda chake akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya ushungi, na Georgina aliona aibu kwa niaba ya ualimu wote. Kisha Siti akaacha kucheka. Alisema kosa ni la kila mtu mle chumbani, kwa sababu yeye ni mtoto wa Bukoba, bibi yake alitafuna kahawa mpaka siku ya kufa, na hata yeye katika maelezo yake yote hajawahi kuitaja. Aliiomba karatasi ya Georgina, akaandika chini kwa kalamu yake: *15. Je, kahawa ya kutafuna? Hapana. Wiki sita. Hata moja.* Alipiga mstari chini ya moja.

Majibu ya Mwanza yalikuwa yamewahi kuliko walivyotarajia. Daktari Awadhi aliyasoma mbele yao. Kilikuwa kifuko cha maji, basi, hakuna kingine. Byabato alifunga macho. Alitaka kusema neno la shukrani, neno zuri la kishenga, lakini mdomo wa chini ulikuwa bado na ganzi na mate yakamtoka, akaishia kumshika daktari mkono kwa mikono yake yote miwili na kutoachia.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia, kwa sababu Jumamosi ya wiki ya nne Avit alikuwa anajitambulisha ukweni.

Msichana aliitwa Evelyne, na ukweni kulikuwa Kaagya, kwa mzee Rutashobya. Jina hilo lilijulikana. Rutashobya alikuwa mkulima wa kahawa na mtu wa sheria zake. Miaka mitano nyuma aliwarudisha waliokuja kumposa binti yake mkubwa kutoka sebuleni kwake, na mizigo yao, kwa kosa moja: mshenga wao, kijana wa mjini, alizipokea kahawa na kuzitia kwenye mfuko wa shati. Asiyetafuna kahawa yangu, alisema Rutashobya, ama ananihofia ama ananidharau, na wote wawili sina binti wa kuwapa. Msichana yule alilia mwaka mzima. Hakuna mshenga wa Kamachumu aliyeisahau habari hiyo, na Byabato ndiye aliyekuwa akiisimulia kwa madaha kuliko wote.

Sasa haikumchekesha. Akitafuna, mfupa uliobaki huenda ukavunjika, na daktari alimweleza bila kuzunguka maana yake: kufungwa mataya kwa waya, wiki sita nyingine au zaidi, na mtu wa kusema hana tena cha kusemea. Asipotafuna, Avit huenda akamkosa Evelyne. Georgina alimshauri awatumie wakwe ujumbe mapema, waeleze ugonjwa. Byabato alikataa. Kumwambia Rutashobya kwamba mshenga ana taya bovu ni kuingia kwenye mazungumzo umeshapiga magoti. Avit alisema basi aende mtu mwingine, au wasogeze siku, yeye atangoja.

"Nilimwahidi baba yako nitakusemea mimi," alisema Byabato.

Aliweka mpango, na mpango haukuwa mzuri. Ataiweka buni moja shavuni upande wa kulia, atauchezesha mdomo kama anayetafuna, atasema maneno yake, na wakitoka ataitema migombani. Alifanya mazoezi mbele ya kile kioo, kwa mbegu ya chungwa. Mate yalimtoka kwenye ule upande wenye ganzi. Alijifuta, akarudia. Katika umri wa miaka sitini na miwili alikuwa akijifunza kudanganya kwa kutafuna, na alijionea huruma.

Jumamosi walifika Kaagya saa nne asubuhi, watu tisa, Georgina akiwamo, na nyumba ya Rutashobya ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi sakafuni kama inavyopasa. Wenyeji walikaa upande wao, wageni upande wao, katikati pameachwa wazi. Rutashobya alikuwa mwembamba kuliko Byabato alivyomkumbuka kutoka mikutano ya ushirika. Alikuwa na ndevu. Hakuwahi kumwona na ndevu.

Salamu zilikwisha. Evelyne aliingia kwa magoti na kikapu kidogo cha ukindu, akakiweka mbele ya baba yake. Rutashobya alichukua buni, akazipeleka mdomoni, na kikapu kikaanza safari ya kuvuka nyasi.

Byabato alipaswa kukitazama kikapu. Alimtazama mwenyeji. Mtu aliyekaa siku nyingi akijifunza mbele ya kioo kutafuna pasipo kutafuna alikuwa amegeuka fundi wa jambo hilo, na alichokiona hakikumpita. Midomo ya Rutashobya ilicheza. Taya halikucheza. Kope la jicho la kulia lilishtuka kidogo, na mkono wa kulia ukapanda, ukaligusa shavu juu ya ndevu, ukashuka haraka kabla mtu hajauona.

Kikapu kilifika. Byabato alichukua buni moja na kubaki nayo kiganjani. Upande wa pili wa nyasi watu walikuwa wakingoja, na mzee mmoja wa wenyeji akakohoa.

Mpango wake bado ulikuwapo. Angeweza kuitia mdomoni, wazee wawili wakadanganyana mchana kutwa, posa ikapita, na kila mtu akaenda kwake na heshima yake. Alilijua vizuri hilo. Alikuwa ameketi hivyo hivyo, jioni nyingi sana, na mtu mwenye skafu.

Aliinuka.

"Mzee Rutashobya," alisema, na maneno yake yalikuwa na kitembe kidogo kwa sababu ya ule mdomo wenye ganzi, "kahawa yako leo sitaitafuna. Usinifukuze kabla hujanisikia, waitu, tafadhali. Nikimaliza, unifukuze."

Akawaeleza. Hakusema kishenga, alisema ovyo ovyo, kuanzia mwisho, akirudi nyuma. Aliwaambia habari za ndevu na kioo. Aliwaambia juu ya doa jeusi, magego mawili, na ganda la kahawa kwenye pamba, na upande wa wenyeji mama mmoja akacheka bila kutaka. Aliwaambia aliogopa mpaka akashindwa kuuliza kama anakufa, na binti yake akamwulizia. Kisha akamtaja Mwijage, baba yake kijana waliyemleta, kwamba alikuwa mtu mpole, fundi wa kuchonga mizinga, na kwamba alikufa kwa ugonjwa wa taya kwa sababu aliogopa kuuliza, na ndugu yake aliyekuwa akiketi naye kila jioni hakumwuliza.

Wakati huo alikuwa analia, na hakujificha. Alizivuka zile nyasi za katikati, jambo ambalo mgeni halifanyi kabla mazungumzo hayajafunguliwa, na wenyeji wawili wakainuka nusu. Akainama kwenye kiti cha Rutashobya na kusema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, ili asisikie mwingine, swali la kwanza ambalo mtu yeyote wa Kamachumu angeweza kukumbuka kwamba Byabato aliwahi kuuliza.

Alimwuliza taya lake lilianza lini.

Rutashobya alitazama mlangoni, kwenye migomba yake. Halafu akatia vidole viwili mdomoni, akatoa buni, moja, mbili, tatu, akaziweka kiganjani mbele ya watu. Zilikuwa nzima kama zilivyotoka kikapuni. Kwa sheria yake mwenyewe alikuwa amewakataa wageni, na kama angekuwa mtu wa haki ilimpasa ajitoe sebuleni kwake na mizigo yake.

"Tangu mavuno," alisema.

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa kanga.

Mambo ya posa yalisimama karibu saa nzima. Rutashobya aliuliza, mwanzoni kwa minong'ono na mwishoni kwa sauti ya kawaida, na watu wakasogeza viti. Je, walikukata ukiwa macho? Uliumwa ulipoamka? Uso ulivimba siku ngapi? Ulikula nini? Wanakuambia ukweli, au wanamwambia mwanao? Byabato alijibu yote. Aliyoyasahau, Georgina aliyasoma kwenye karatasi. Alipoulizwa kama ugonjwa ni ule ule kwa kila mtu, Byabato alisema hajui, na kwamba yeye kama yeye aliteseka zaidi kwa miezi ile mitatu ya kutojua kuliko kwa kisu. Hakumwahidi lolote. Avit na Evelyne walikuwa wakitazamana kutoka pande mbili za nyasi, wamesahauliwa kabisa, na hawakuonekana kujali.

Posa ilipokelewa kabla ya chakula cha mchana. Watu wa Kaagya wanasema ndiyo mara ya kwanza kwa nyumba ile kufungua maneno bila kutafuna, na wengine hawajalipenda jambo hilo mpaka leo.

Jumatatu asubuhi wazee wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la kliniki ya kinywa mjini Bukoba, kofia magotini, mmoja na ndevu na mmoja bila. Byabato alimsindikiza mwenziwe ndani. Daktari Awadhi alipapasa taya, akaagiza picha, akaitazama kwenye taa bila haraka, akaeleza anachokiona na asichoweza kukijua bado. Siti alisimama kando na faili. Mkono wa Rutashobya ulikuwa umeshika ukingo wa kiti kwa nguvu.

"Mzee, una swali?" aliuliza daktari.

"Sina," alisema Rutashobya.

"Anayo," alisema Byabato, akaingiza mkono ndani ya koti la kijivu na kuikunjua karatasi ya daftari kwenye goti lake. "Anayo kumi na matano. Tunaanza na la mwanzo."